Amana Mikononi mwa Ajuaye

Katika mambo ambayo mwanadamu hulazimika kumkabidhi mwenzake pasipo uwezo wa kuyasimamia mwenyewe, watu wa hekima wamezoea kututajia mgonjwa na tabibu wake, mayatima na wasii wao, abiria na nahodha. Nami sioni kwa nini tusimhesabu pamoja nao mtu wa kipato cha wastani ambaye injini ya gari lake imekufa, akaambiwa kwamba haitengenezeki tena na sharti ishushwe ipandishwe nyingine, na ambaye tangu saa hiyo huanza kumuuliza kila anayemjua, jirani, shemeji, dereva wa teksi, hata imamu wa msikiti wake, swali moja lenye vichwa viwili: ni nani fundi mwaminifu, na ni nani atakayemfanyia kazi hiyo kwa bei anayoimudu? Swali hili aghalabu huchukuliwa kuwa la sokoni, na wanaolijibu hulijibu kwa kutaja jina na namba ya simu. Mimi naliona kuwa ni swali la dini na la falsafa, tena zito, maana ndani yake mna mambo mawili ambayo wanazuoni wameyahangaikia karne nyingi: asiyejua atamtambuaje ajuaye, na ajuaye anadaiwa nini na asiyejua.

Tulitazame kwanza jambo lenyewe lilivyo. Anayefika Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta injini, huzikuta zimepangwa chini juu ya mbao na matairi makuukuu, zimeoshwa kwa petroli hata zikang'aa, waya zake zimekatwa zikaning'inia, na midomo ya mabomba yake imezibwa kwa matambara. Zimekuja kwa meli kutoka Japani, na nyingine zimepitia Dubai na Sharjah, ambako magari ya zamani hukatwa vipande na kila kipande kikasafiri njia yake. Na kwa kuwa mita inayohesabu kilomita hukaa kwenye dashibodi, injini inapotenganishwa na gari lake huwa imetenganishwa na shahidi wake. Muuzaji atakuambia kwamba imetembea kidogo, na huenda asema kwa nia njema, lakini hajui. Naye aliyemuuzia hakujua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na usemi huo ni kweli kwa kitambaa na kwa embe na kwa jahazi, vitu ambavyo mnunuzi huvishika akavikagua. Lakini injini nzima na injini iliyokwisha ringi hulala sakafuni ubavu kwa ubavu zikiwa na sura moja, na aliye baina yako na ukweli wake ni fundi peke yake.

Fundi huyo, akiwa anaijua kazi, husoma ishara ambazo kwa mwenye gari ni giza tupu. Akivuta kijiti cha kupimia oili akakikuta kimepakwa ute wa rangi ya chai ya maziwa, hujua kwamba maji yamepenya yakachanganyika na oili, na mara nyingi kisa chake ni gasketi ya hedi, ambayo hubadilishwa bila injini kushushwa. Moshi wa buluu humwambia kwamba oili inaungua, moshi mweusi kwamba petroli imezidi hewa, na moshi mweupe usiokoma hata injini ilipokwisha kupata moto kwamba maji yamefika yasipotakiwa kufika. Akizitoa plagi akaweka geji ya kompresheni kwenye silinda moja baada ya nyingine, na mojawapo ikasoma chini kupita wenzake, hujua maradhi yako wapi na yana ukubwa gani. Mwenye gari yeye huona moshi tu. Akiambiwa injini imenoki, hana la kukatia rufaa. Hukumu imetolewa kwa lugha asiyoisoma, na aliyeitoa ndiye atakayelipwa kwa kuitekeleza.

Chukua mfano wa injini ya Toyota iitwayo 1ZZ, ambayo imefungwa katika magari mengi ya familia yapitayo katika barabara zetu. Zile za miaka ya mwanzo zimejulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya pistoni yanayoirudisha oili chini yalikuwa madogo, yakaziba kwa masizi, na ringi zikaganda mahali pake. Mwenye gari la namna hiyo akishauriwa kubadilisha injini, akaenda akanunua nyingine ya aina ile ile na ya miaka ile ile, huenda amenunua maradhi yale yale kwa fedha mpya. Fundi ajuaye haya aweza kunyamaza, wala hakuna askari atakayemkamata kwa kunyamaza. Atapata ujira wa kushusha na kupandisha, na juu yake kile ambacho watu wa gereji hukiita cha juu, yaani nyongeza inayopachikwa kwenye bei ya spea pasipo mwenye mali kujua. Hapa ndipo dini inapoingia mahali ambapo sheria haikuingia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikatoka na unyevu. Na muuzaji alipojitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea, hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona. Sina shaka kwamba fundi anayeijua kasoro ya injini anayokuchagulia, akaiacha chini ya ulimi wake, yumo katika hukumu ya muuzaji yule, hata kama hakusema uongo hata neno moja.

Lakini kumjua fundi wa namna hiyo kabla hajanyamaza ni jambo jingine, na ugumu wake uliwasumbua Wayunani kabla yetu. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Charmides, anamwonyesha Socrates akiuliza ni vipi mtu asiye na ilimu ya tiba atamtofautisha tabibu wa kweli na anayejisingizia utabibu. Na mazungumzo yakamfikisha mahali ambapo hakuna awezaye kufanya hivyo ila tabibu mwenziwe. Ikiwa ni hivyo, basi anayehitaji msaada ndiye asiyeweza kumchagua msaidizi, na awezaye kumchagua ndiye asiyemhitaji. Vyeti havitutoi katika shimo hili. Cheti cha majaribio ya ufundi hushuhudia kwamba mtu aliweza kufanya kazi fulani mbele ya mtahini, nao ni ushahidi mzuri usiopaswa kudharauliwa. Walakini haushuhudii atafanya nini jioni akiwa peke yake na gari lako, taa ikiwa hafifu na boliti moja haikupatikana.

Naona kwamba Socrates aliufunga mlango mmoja tu, mlango wa kupima ilimu, na kwamba mlango wa kupima murua wa mtu uliachwa wazi. Ilimu ya fundi siwezi kuipima, kwa kuwa sina kipimo chake. Lakini kuna wakati ambapo kusema kweli humpunguzia fundi riziki, na wakati huo hata mjinga aweza kuona kilichotendeka. Niliwahi kusimama katika gereji moja ya Ilala lilipoletwa, kwa kuvutwa kwa kamba, gari dogo la kubebea wanafunzi, ambalo mwenyewe alikwisha kuambiwa na gereji mbili kwamba injini yake inagonga ndani na dawa yake ni nyingine. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakujibu kitu. Aliamuru injini iwashwe, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya chuma na mpini wake sikioni, akawa anaihamisha taratibu, hapa, kisha pale, kama shibri moja kila mara, watu wote wakinyamaza. Halafu akaizima, akaufungua mkanda wa mbele, akaiwasha tena kwa muda mfupi, na kule kugonga kukawa kumekwisha. Ilikuwa ni puli ya kukazia mkanda, ambayo beringi yake ilikufa. Alimwambia yule bwana, "Injini yako nzima, mzee; kanunue puli, uje nikufungie," kisha akarudi kwenye kazi aliyoiacha. Kwa maneno hayo machache alijinyima ujira wa siku kadhaa, na mimi nisiyejua beringi ni kitu gani nilijua pasipo shaka ni mtu wa namna gani aliyesimama mbele yangu. Anayemtafuta fundi mwaminifu asimuulize kwanza kama anaweza kubadilisha injini, maana wote watasema wanaweza. Amuulize kama kuna njia ya kutoibadilisha, kisha asikilize.

Mafakihi nao walilitazama jambo hili kwa upande wa dhamana, yaani nani abebe hasara mali ikiharibika mikononi mwa fundi pasipo ushahidi wa uzembe wake. Imepokewa kwamba Imamu Ali bin Abi Talib aliwatoza mafundi, kama watia rangi nguo, fidia ya mali za watu zilizoharibika kwao, kwa hoja kwamba hali za watu hazitatengenea ila kwa njia hiyo. Na wafuasi wa Imamu Malik wakaijenga hukumu yao juu ya maslaha hayo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani yetu tangu zama za babu zetu, mambo yalikwenda njia nyingine, njia ambayo kwangu ina uzito wa pekee. Rabii bin Sulayman, mwanafunzi wake, amesimulia kwamba rai ya Imamu ilikuwa kwamba fundi hadaiwi dhamana ila kwa kile kilichoharibiwa na mkono wake mwenyewe, lakini hakuwa akiitangaza rai hiyo, kwa kuchelea mafundi.

Nimekaa na habari hii muda mrefu. Huyu ni mwanachuoni aliyeamini kwamba haki iko upande wa fundi, maana aliyepokea mali kwa ridhaa ya mwenyewe hawi mwizi kwa kuwa mali imeharibika; insafu ilimkataza kumtwika mtu mzigo usiokuwa wake; na juu ya hayo yote, alipowatazama watu walivyo, alichelea kwamba haki hiyo ikivuma sokoni itakuwa pazia la wenye hiyana. Hakuigeuza hukumu ili iwafae wenye mali, wala hakuitangaza ili iwafae mafundi. Na katika kunyamaza kwake nasoma ungamo kwamba kuna sehemu ya amana ambayo haitafikiwa na kanuni yoyote, ile ya kukaza boliti ambayo hakuna atakayeikagua, ya kumwaga oili chafu na kutia mpya badala ya kuongeza kidogo juu, ya kurudisha raba ya kushikilia injini iliyotoka nzima badala ya kuiuza na kufunga iliyopasuka. Na kwamba sehemu hiyo iko baina ya Mungu na mja wake tu. Kurani inatueleza kuwa amana ilitolewa kwa mbingu na ardhi na milima, vikakataa kuibeba kwa kuiogopa, mwanadamu akaibeba. Wafasiri wameieleza kwa maana kubwa kubwa, nami siwapingi. Lakini sidhani kwamba maana hizo kubwa zinaitoa nje boliti iliyo nyuma ya giaboksi.

Sasa niseme juu ya bei, maana wengi wanaolalamika juu ya hiyana ya mafundi huyapita mambo ya bei upesi, nami naona ndipo penye kiini cha tatizo. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi juu ya soko la magari yaliyokwisha kutumika, makala ambayo majarida matatu yalikuwa yameikataa, na ambayo mwaka 2001 ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel. Hoja yake ni hii: mahali ambapo mnunuzi hawezi kukitambua kizuri na kibaya, hutoa bei ya kati na kati, kwa kuwa anahofia kuingia hasara, bei hiyo ni ndogo kwa mwenye kitu kizuri, naye hukiondoa sokoni, na kizuri kinapoondoka, wastani wa vilivyobaki hushuka, mnunuzi hupunguza bei tena, hata soko likabaki na vibovu. Alikuwa akizungumzia magari, lakini maneno yake yanawahusu mafundi vile vile. Fundi anayepima kompresheni ya injini kabla ya kuinunua, anayetumia gasketi mpya, anayebadilisha mkanda na pampu ya maji wakati injini ingali chini na kila kitu kinafikika, gharama yake haiwezi kulingana na ya yule anayepandisha injini kama ilivyotoka dukani. Mwenye gari asiyeona tofauti huwaita wote wawili kwa simu, akaulizia bei, akamchukua wa chini; na akifanya hivyo yeye, na jirani yake, na mji mzima, yule wa kwanza ama atafunga gereji yake, ama atajifunza kufanya kama wenzake, ama atataja bei ya chini kisha aifidie kwa cha juu. Halafu sote tunakaa barazani tukisema mafundi waaminifu wamekwisha.

Hayo sisemi ili kumlaumu masikini kwa umasikini wake. Anayetafuta bei nafuu ana haki ya kuitafuta, na gari la kubebea wanafunzi likisimama, ni watoto wa watu wengine pia wanaokosa masomo. Lakini kuna tofauti baina ya kumwambia fundi, "Nina kiasi hiki, nifanyie kinachowezekana kwa kiasi hiki, unieleze kilichobaki," na kumkamua mpaka aikubali kazi kwa bei ambayo anajua, nawe ukitafakari unajua, kwamba haiwezekani kufanywa kwa haki. Mtume alipoombwa awapangie wafanyabiashara bei wakati wa ughali, alikataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake akiwa na dhulma ya mtu katika damu au mali. Ikiwa yeye aliiogopa dhulma hiyo akiwa mtawala anayewahurumia watu wenye dhiki, sisi tunaofurahi kwa kumshusha mtu bei chini ya gharama yake tuna udhuru gani? Tena amana ina ncha mbili. Mwenye gari anayeficha kwamba aliendesha huku taa ya joto ikiwaka, kwa kuona haya au kwa kutaka muuzaji wa spea alaumiwe, naye ana hiyana, na mficha uchi hazai. Anayechukua gari likiwa tayari na kuahidi kumalizia malipo mwisho wa mwezi, mwezi usiokuwa na mwisho, yumo katika wale watatu ambao hadithi inasema Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao akiwa ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Nimwongezee yule anayetafuta jambo moja kutoka kwa wazee wa zamani. Al-Shayzari, aliyeandika katika karne ya 12 kitabu cha kumwongoza muhtasibu, yaani msimamizi wa soko, alikiri kwamba mtu mmoja hawezi kuzijua hila za kila kazi, kwa hiyo akashauri kwamba katika kila ufundi achaguliwe arifu, mtu wa kazi ile ile, mwenye kuijua vyema, mwenye kuzijua ghilba za wenziwe, anayesifika kwa uaminifu. Ndilo jibu la Socrates, limetiwa mikono na miguu. Leo hakuna muhtasibu Gerezani wala Mombasa, lakini hakuna linalomzuia mtu kumwajiri arifu wake mwenyewe: kumlipa fundi wa pili, ambaye ameambiwa tangu mwanzo kwamba kazi ya kubadilisha hatapewa yeye, aje aitazame injini tu, aseme, achukue haki yake aende zake. Maadamu hana faida kwa ndiyo wala kwa hapana, ulimi wake huwa huru. Fedha hiyo watu huiona kuwa ni hasara, nami naiona kuwa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote katika shughuli hiyo. Halikadhalika fundi anayedai kuiona risiti ya injini kabla ya kuipandisha, na kukuhimiza upeleke namba yake ikaandikwe kwenye kadi ya gari badala ya ile ya zamani, usimchukie kwa kukuongezea safari za ofisini. Huyo anaogopa kufunga mali ya wizi, na anayeogopa hivyo kwa mali ya asiyemjua ataiogopa na yako.

Linabaki suala moja ambalo nimewasikia watu wakigombana kwalo. Injini imenunuliwa, imepandishwa vizuri, na baada ya siku chache imeonyesha ugonjwa iliotoka nao. Muuzaji, kwa sheria ya kurudisha chenye ila ya siri, apaswa kuipokea, na katika fikihi ya Kishafii mnunuzi aweza pia kujiwekea sharti la hiari kwa muda usiozidi siku tatu, ambao kwa injini ni muda wa kutosha kuiwasha, kuipeleka mlimani na kuisikiliza. Lakini kazi ya fundi ya kuishusha tena na kupandisha nyingine nani ailipe? Fundi hakuharibu kitu. Mwenye gari hakukosa kitu. Muuzaji aghalabu hukubali kurudishiwa injini, hakubali kulipa ujira wa kazi iliyofanyika kwingine. Mimi, kama ningeulizwa, ningesema kwamba fundi aliyeichagua injini yeye mwenyewe dukani achangie nusu, na fundi aliyeletewa injini iliyokwisha kununuliwa alipwe kazi zote mbili kwa ukamilifu. Wengine watasema vinginevyo, na wana haki. Lililo muhimu ni kwamba maneno hayo yasemwe na kuandikwa na pande zote mbili kabla winchi haijaletwa, wakati injini ya zamani ingali mahali pake na hakuna aliyekasirika.